Kurasa 14 za daktari wa ng'ambo

Mjomba alizipokea zile karatasi kwa mikono miwili, akazipima uzito kama anavyopima mkungu wa ndizi siku ya soko, akasema, "Huyu kasoma." Akampa aliyekaa kuliani kwake. Zikazunguka sebule yote ya kaka yangu kule Kibosho, kurasa 14 zilizobanwa pini kwenye kona, na kila aliyezishika alifunua moja mbili, akaguna kwa heshima, akapitisha. Hakuna aliyesoma. Hata mimi sikusoma. Niliona tu namba ya mwisho, 211, na chini yake picha ya mwanamume mwenye koti jeupe aliyekunja mikono.

Kilikuwa kikao cha michango. Mtoto wa kaka, kijana wa miaka 23, alianguka kutoka kwenye mparachichi mwezi wa tatu. Si mti mrefu. Alikuwa anachuma za kupeleka soko la Mbuyuni, tawi likakatika, akatua kwa mgongo ukingoni mwa mfereji. Pingili zikavunjika, na kuanzia kitovuni kushuka chini hasikii kitu. Alipasuliwa, akawekewa vyuma, akakaa wodini wiki kadhaa, akarudi nyumbani na kiti cha magurudumu kisichopita mlangoni.

Watu wengi mjini wanaamini mgongo unavunjwa na bodaboda. Bodaboda zinavunja, sikatai. Lakini utafiti wa wataalamu wa KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu majeruhi wa uti wa mgongo huku kaskazini mashariki ulionyesha kuwa kinachoongoza ni kuanguka, ajali za barabarani zinafuata. Na kwetu mlimani kuanguka maana yake mti: parachichi, matawi ya kuni, majani ya ng'ombe.

Zile kurasa zilitoka kwa binamu yetu wa Dar. Alikuwa amepata mtu, ambaye naye anamjua mtu wa hospitali moja ya nje inayotibu waliopooza kwa seli shina, zile seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Gharama milioni 52, nauli mbali. Kaka alikuwa ameshaanza kuulizia mnunuzi wa shamba la chini, lile la mahindi kule tambarare, maana kihamba, shamba la ukoo, huwezi kuuza. Wazee wamelala pale. Na ushahidi kwamba pesa hizo haziendi kutupwa ulikuwa ndio huo, orodha ya machapisho ya daktari mwenyewe. Bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mtafiti wa tiba ya kuotesha upya viungo. Machapisho 211.

"Shangazi ni mtu wa maktaba," mjomba akasema. "Achukue akasome, atuambie."

*

Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja cha afya hapa Moshi. Kazi yangu ya kila siku ni kuwafundisha wanafunzi kutafuta makala kwenye PubMed, ghala la mtandaoni la makala za tiba, na kuwafungulia majarida kupitia mpango wa HINARI, ule ambao Shirika la Afya Duniani liliuanzisha na wachapishaji mwaka 2002 ili nchi kama yetu zisome bila kulipa bei ya Ulaya. Kuna kazi nyingine ambayo haimo kwenye mkataba wangu: kila msimu wa kupanda vyeo, wahadhiri huniletea orodha zao za machapisho nizipange. Nimepanga nyingi. Kwa hiyo najua orodha inavyonenepeshwa.

Njia ya kwanza ni kukata nyama ya supu. Utafiti mmoja, wagonjwa walewale, unakatwa vipande vitano: kimoja kuhusu umri wao, kimoja kuhusu maumivu, kimoja kuhusu dawa, kila kipande jarida lake. Njia ya pili ni kuhesabu muhtasari uliosomwa mkutanoni, kisha kuhesabu makala yake ilipotoka, mtoto mmoja majina mawili. Njia ya tatu ni kuingizwa kwenye majina 30 kwa kazi ya kuazima mashine. Njia ya nne ni yale majarida ya kulipia yanayopokea makala Jumatatu na kuichapa Alhamisi. Mwaka jana jarida moja la upasuaji wa ubongo lilinialika mimi, mkutubi, niwe kwenye bodi yake ya wahariri. Waliniita Profesa. Nilichapa ile barua pepe nikaibandika mlangoni pa ofisi, ikakaa pale mpaka mkuu wangu akaniomba niitoe.

Nasema haya ili ieleweke sikukaa na zile kurasa kwa moyo mweupe. Nilikaa nazo usiku mbili, na kalamu nyekundu, na chai ya tangawizi iliyopoa.

Kanuni ya kwanza ni majina. Kwenye makala za tiba mpangilio wa majina una maana. Jina la kwanza ndiye aliyepika. La mwisho ndiye mwenye jiko. Waliopo katikati mmoja kaleta kuni, mwingine kaleta chumvi, mwingine kapita akaonja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtu ana makala ngapi, natafuta jina lake limekaa wapi. Ni kama kuingia kihamba usichokijua: hutazami wingi wa migomba, unatafuta masale ya mpakani, uone cha huyu kinaanzia wapi na cha jirani kinaishia wapi.

Kisha nikaanza kutenganisha. Muhtasari wa mikutano, 58. Sura za vitabu na makala za kupitia kazi za wengine, 31. Barua kwa wahariri, 12. Saba zilikuwa zimeandikwa mara mbili, kichwa kimegeuzwa maneno mawili matatu. Zilizofanyiwa panya, 64. Zikabaki 39 zinazohusu binadamu, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za kiharusi na maumivu ya kichwa, kazi safi tu, ambazo hazina uhusiano wowote na seli shina wala mgongo.

Zilizohusu seli, uti wa mgongo na binadamu kwa pamoja zilikuwa nne. Moja ilikuwa mpango tu wa utafiti utakaofanyika. Moja ilieleza mgonjwa mmoja. Mbili zilizobaki, nilipolinganisha majedwali yake, zilikuwa za watu walewale tisa, mara ya kwanza baada ya miezi sita na mara ya pili baada ya mwaka.

Machapisho 211 yakawa watu 10.

Niliandika hiyo namba pembeni ya ukurasa wa mwisho nikaizungushia duara, halafu nikakaa tu. Sikufurahi. Ukitafuta kosa la mtu ukalikuta unafurahi, lakini hapa hapakuwa na kosa. Daktari hakudanganya popote. Kila alichoandika kipo, nilikikuta. Zile kazi zake za panya zimepita kwa wataalamu wenzake, zimenukuliwa, baadhi ni nzuri kabisa. Ni sisi tuliosoma namba ya panya tukaona miguu ya mtoto wetu.

*

Binamu hakukubali. Alinipigia saa nne usiku. "Shangazi, lakini ana h ya 34! Wamesema h ya 34 ni kubwa sana."

Nikamuuliza h ni nini. Hajui. Nikamweleza: mwaka 2005 mwanafizikia mmoja, Jorge Hirsch, alipendekeza kipimo hicho. Mwenye h ya 34 ana makala 34 ambazo kila moja imenukuliwa na wengine angalau mara 34. Basi. Inasema watu wanamtaja. Haisemi wanamtaja kwa kumkubali, wala haisemi mgonjwa yeyote alipona. Mtaani kwetu kuna mtu anatajwa kila kikao kwa sababu anadaiwa.

Kisha nikamweleza habari ya Minnesota, ambayo huwa nawaeleza wanafunzi kila mwaka siku hizi. Mwaka 2002 timu ya Catherine Verfaillie, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ilichapisha kwenye jarida la Nature kwamba seli fulani kutoka kwenye uloto wa mtu mzima zinaweza kugeuka karibu aina yoyote ya seli mwilini. Mwaka 2006, chuo hichohicho, jarida hilohilo, Sylvain Lesné na wenzake wakachapisha kwamba wamepata protini inayowafanya panya wapoteze kumbukumbu, jambo lililotoa matumaini makubwa kwa ugonjwa wa Alzheimer. Moja ya tiba ya kuotesha, moja ya ubongo. Zote zikanukuliwa maelfu ya mara, watu wakajengea juu yake miradi, fedha, shahada. Na zote mbili, mwezi mmoja, Juni 2024, zikafutwa na jarida kwa sababu ya dosari za picha. Ile ya 2002 ilikuwa imenukuliwa karibu mara 4,500. Kwa ile ya 2006, mwandishi wake mkuu mwenyewe, Karen Ashe, alikiri kwamba picha zilichezewa.

Miaka 22 kwa moja, 18 kwa nyingine. Muda wote huo, mtu aliyepima kwa kuhesabu angeziweka juu kabisa ya rundo.

Na hazikuwa peke yake. Oktoba 2018 Harvard na hospitali yake waliomba makala 31 za Piero Anversa zifutwe, yule aliyekuwa amewaaminisha wengi kwamba moyo una seli shina zake zinazoweza kuujenga upya. Korea Kusini walikuwa na Hwang Woo-suk, shujaa wa taifa, mpaka Januari 2006 jarida la Science lilipofuta kazi zake za kutengeneza seli shina za binadamu. Japani mwaka 2014 kulitoka makala mbili za seli kugeuzwa kwa kuzitia kwenye asidi. Zilitoka Januari, zikafutwa Julai. Sijui eneo lingine la tiba ambalo limefuta makala kubwa namna hii, na sidhani ni kwa sababu watu wake ni waovu kuliko wengine. Wanachotafuta kinatamaniwa mno. Mtu anayetafuta dawa ya fangasi hana familia zinazouza mashamba nje ya mlango wake.

"Kwa hiyo wote ni matapeli?" binamu akauliza.

Hapana. Hapo ndipo inapokuwa ngumu kueleza kwa simu.

*

Mwanzoni mwa karne iliyopita Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Nobel mwaka 1906 kwa kuchora seli za ubongo kama hakuna aliyewahi kuziona, aliandika kwamba kwa mtu mzima njia za ubongo na uti wa mgongo zimeshafungwa: kila kitu kinaweza kufa, hakuna kinachoota tena. Akaiachia sayansi ya baadaye kazi ya kuigeuza hukumu hiyo. Ukijikata kidole, mshipa wa fahamu wa kidole unaweza kujivuta taratibu ukarudi. Ule wa uti wa mgongo ukikatika unajaribu, unakutana na kovu na kemikali zinazouzuia, unakata tamaa. Wanafunzi wangu huwa wanauliza kwa nini Mungu kapanga hivyo. Huwa nawaelekeza rafu ya theolojia, ambayo hatuna.

Kisha mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto akachukua seli za ngozi za panya, akaziongezea jeni nne tu, zikarudi utotoni, tayari kuwa chochote. Mwaka uliofuata akafanya kwa seli za binadamu. Nobel ikamfikia mwaka 2012. Hiyo imerudiwa maabara nyingi duniani, na kurudiwa ndiko ninakokuamini mimi, sio kunukuliwa.

Sasa tazama mwendo. Kampuni ya Geron ya Marekani ilimtia seli mgonjwa wa kwanza wa mgongo Oktoba 2010. Novemba mwaka uliofuata ikasimamisha kazi hiyo kwa sababu za fedha. Japani iliruhusu kwa masharti tiba moja ya seli za mgongo mwishoni mwa mwaka 2018, kwa ushahidi wa wagonjwa 13 bila kundi la kulinganisha, na wataalamu wengi duniani wakapiga kelele. Machi 2025 Chuo Kikuu cha Keio cha Tokyo kilitangaza matokeo ya seli za aina ya Yamanaka kwa waliovunjika mgongo. Watu wanne. Wawili walipata nafuu ya misuli, mmoja wao akaweza kusimama mwenyewe. Wote walitiwa seli ndani ya wiki chache tu baada ya kuumia.

Wanne! Chuo kikubwa, nchi tajiri, karibu miaka 20 tangu ugunduzi, na wanatangaza wanne kwa sauti ya chini, wakisema wanahitaji kupima zaidi. Halafu kuna hospitali inayotumia WhatsApp ina nafasi mwezi ujao.

Na seli siyo maji ya baraka kwamba zisipokufaa hazikudhuru. Mwaka 2014 madaktari waliandika habari ya mwanamke aliyepandikizwa mgongoni seli zilizotoka puani mwake, maana pua ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mishipa ya fahamu hujizalisha maisha yote. Wazo lenyewe lilikuwa la busara. Miaka minane baadaye akaanza kuumwa mgongo. Walipompasua walikuta uvimbe wa nyama ya puani, unatoa makamasi, ndani ya uti wa mgongo. Seli zilikuwa zimefanya kazi zinayoijua.

Kaka alikuwa na hoja moja niliyoiheshimu. "Mbona Dodoma wanapandikiza?" Kweli, Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli, na Muhimbili nayo inapandikiza. Hiyo ni tiba ya seli shina halali kabisa, Donnall Thomas alipewa Nobel kwa ajili yake mwaka 1990. Lakini uloto kazi yake ni kutengeneza damu, nawe unauhamisha ukatengeneze damu. Unampa fundi seremala kazi ya useremala. Kumtia mgongoni akashone mishipa ya fahamu ni habari nyingine.

*

Nikiwa katikati ya zile kurasa, usiku wa pili, nilifungua orodha nyingine, kwa hamu tu ya kupumzisha macho. Ilikuwa ya William Howlett, daktari wa Ireland aliyetibu magonjwa ya mishipa ya fahamu KCMC kwa miaka mingi. Ni orodha fupi kuliko ile ya kurasa 14. Lakini mwaka 1990, kwenye jarida la Brain, yeye na wenzake, Mtanzania mmoja akiwemo, waliandika juu ya ugonjwa uliozuka Tarime mwaka 1985. Watu wazima na watoto walikuwa wanaamka miguu imekakamaa, ghafla, na haikulegea tena. Wakongo wanaozungumza Kiyaka walikuwa na jina lake zamani: konzo, miguu iliyofungwa. Ulikuwa mwaka wa ukame. Muhogo mchungu ndio uliobaki shambani, na kwa njaa watu waliacha kuuloweka na kuuanika kwa siku zinazotakiwa. Sianidi ikabaki kwenye unga, na kwenye sahani hapakuwa na nyama wala maharage ya kuusaidia mwili kuitoa.

Nimeisoma makala hiyo mara nyingi. Hakuna seli ndani yake, hakuna mashine ya ajabu. Kuna watu wanaoulizwa walikula nini. Na dawa yake ni subira ya siku chache za kuloweka.

Halafu kuna Hai, hapo Bomang'ombe tu, nusu saa kwa daladala. Watafiti na wasaidizi wao walipita nyumba kwa nyumba, kwenye eneo lenye watu 161,071, wakitafuta wenye ugonjwa wa Parkinson. Walipata 33. Wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Mzee anatetemeka, basi ni uzee. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Utafiti mwingine ulihesabu viharusi Hai na Dar es Salaam kwa miaka mitatu, ukachapishwa kwenye jarida la Lancet Neurology mwaka 2010: ukisawazisha umri, Hai watu 108.6 kwa kila 100,000 kwa mwaka, Dar 315.9. Nyuma ya kila tarakimu pale kuna mtu aliyepanda vilima vya Machame na Masama kwa miguu, akapiga hodi, akafukuzwa na mbwa, akarudi kesho yake. Jina lake mara nyingi haliko mwanzoni wala mwishoni, liko kati, kwenye wale walioleta kuni. Pengine nilikosea kuwadharau wa katikati.

(Jambo la pembeni, kwa kuwa nimeutaja Parkinson: dawa yake kuu ni levodopa, na mmea wenye levodopa tele mbeguni ni upupu, huuhuu wa kuwashana shuleni. Watafiti waliujaribu Bolivia kwa wagonjwa 18, unga wa mbegu zilizokaangwa, na ulifanya kazi kwa kulinganishwa na dawa ya kiwandani. Tafadhali usiende kuchuma. Kipimo chake hakipimwi kwa kiganja.)

*

Kikao cha pili nilikwenda na karatasi moja. Niliwaambia: watu 10. Wawili waliripoti kuhisi joto kidogo mapajani. Hakuna aliyesimama. Waliowapima ni walewale waliowatia seli. Hapakuwa na wengine wa kulinganisha nao, na nafuu ndogo za mwaka wa kwanza huwa zinakuja zenyewe kwa baadhi ya majeruhi hata bila seli. Na mtoto wetu ana miezi minane tangu aumie, wakati wale wa Japani walihesabiwa kwa wiki. Na tena, kwa kawaida, utafiti wa kweli haumtozi mgonjwa milioni 52 ili afanyiwe jaribio.

Kaka alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe una miguu."

Sebule ilinyamaza. Mjomba akajikohoza. Sikuwa na la kujibu, na mpaka leo sina, maana ni kweli.

Aliyevunja ukimya alikuwa kijana mwenyewe, kutoka chumbani, mlango ukiwa wazi. Hatukujua anasikia. "Shangazi," akasema, "hao kumi wako wapi sasa?"

Kwa usiku mbili, na kalamu nyekundu, sikuwa nimejiuliza hilo. Makala ya mwisho ilikuwa na miaka saba. Kwa hiyo nikaiandikia ile hospitali, kwa jina langu, maswali matatu. Wale wagonjwa 10 wako wapi na hali zao zikoje? Tangu hapo mmewatibu wangapi walioumia usawa huo wa mgongo, na nani asiye mfanyakazi wenu aliyewapima? Je, mnaye mmoja anayeweza kuzungumza na kijana wetu kwa simu?

Michango ilikuwa imefika milioni sita na laki nne. Kamati, baada ya mabishano ambayo sitayaandika, iliamua zitumike nyumbani kwanza. Mlango ukapanuliwa. Fundi akamwaga njia ya zege kutoka kizingitini mpaka chooni, kisha akaivunja akaimwaga upya, maana ya kwanza ilikuwa na mteremko wa kumpeleka mtu mgombani. Likanunuliwa godoro la hewa la kuzuia vidonda, na mipira ya mkojo ya kutosha ili asirudie uleule mpaka uwe na rangi. Mtu wa fizio anapanda Jumanne na Ijumaa. Shamba la chini halijauzwa, ingawa kaka bado anasema mwakani.

Hatujazungumza vizuri, mimi na yeye. Ila wiki mbili baada ya kikao mkungu wa ndizi ulishushwa kutoka kwenye daladala ya Kibosho, una karatasi yenye jina langu na mwandiko wake.

Nilipopanda juzi kuwaona, nilikuta zile kurasa 14 ziko chumbani, zimetundikwa kwa kamba kwenye msumari kichwani mwa kitanda, nyuso zimeelekea ukutani. Wifi yangu anaandika nyuma. Saa 2 usiku, kulia. Saa 4, mgongo. Saa 6, kushoto. Saa 8, kulia. Pembeni kuna maelezo mafupi: "wekundu kisigino cha kushoto," na mistari mitatu chini, "umeisha." Kurasa kumi na mbili zimejaa kwa mwandiko mdogo wa mtu anayeandika kwa mwanga wa simu.

Jibu la hospitali liliingia nikiwa palepale, siku ya kumi na tisa. Walinishukuru kwa kuwaamini. Maswali yangu hawakuyagusa. Waliambatisha orodha mpya ya machapisho ya daktari, iliyosasishwa: 214. Nikatazama tatu zilizoongezeka. Panya, panya, na barua kwa mhariri.

Wifi alichungulia juu ya bega langu.

"Nichapie hiyo, wifi," akasema. "Ila upande mmoja. Za mwanzo zimebaki mbili."